Kuhama Nyumba Mbaya Si Kukosa Subira

 

Ndugu msomaji, liko neno moja limeenea katika miji yetu ya pwani, nalo laonekana ni neno la dini ilhali si la dini. Mtu akilalamika kuwa nyumba aliyopanga haikaliki, kwamba wapangaji wenzake ni watu wa fujo na mwenye nyumba hajali, huambiwa na wazee: "Subiri, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu." Akisema ataka kuhama huambiwa hana subira, na akihama kweli, husemwa barazani kuwa fulani hawezi kukaa na watu. Sisi twasema neno hili limewadhuru wengi, na zaidi ya wote limewadhuru watoto wa kike, na leo twataka kulivunja kwa dalili.

Kwanza tufahamiane nyumba tunayoizungumza ni ipi. Hatumzungumzi mwenye ghorofa yake na ua wake. Twazungumza juu ya zile nyumba za Kiswahili uzijuazo, za Majengo na Kisauni na Likoni, za Ngamiani kule Tanga na Ng'ambo kule Unguja: ukumbi umepita katikati kutoka mlango wa mbele hata uwani, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na huko uwani kuna choo, bafu, jiko na kamba za kuanikia nguo. Nyumba namna hii ikikaliwa na watu wa ukoo mmoja ni raha tupu, kwani aliye ukumbini ni mjomba na aliye uwani ni shangazi. Lakini leo kila chumba kina mpangaji wake, na kila mpangaji ametoka kwao, na wote hao huingia choo kimoja na mara nyingi hutumia mita moja ya umeme. Basi aliyepanga humo hakupanga chumba tu. Amepanga na watu. Kikohozi chao akisikia, ugomvi wao ausikia, na wageni wao wapita mbele ya mlango wake saa saba za usiku.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, ameamrisha wema kwa jirani wa karibu, na jirani wa mbali, kisha akamtaja mwenzi aliye ubavuni mwako. Wanavyuoni wa tafsiri wamemweleza huyu wa tatu kwa namna kadhaa: wako waliosema ni mwenzi wa safari, wako waliosema ni mke, na wako waliosema ni kila mtu mnayeandamana naye katika maisha. Kwa maoni yangu mpangaji wa chumba cha pili amekusanya haki mbili, ya jirani na ya mwenzi wa ubavuni. Yeye anayo haki juu yako, na wewe unayo juu yake. Hawa wasemao "subiri" huisoma aya hii nusu, wakamkumbusha aliyeudhiwa wajibu wake, na yule anayeudhi wakamwacha alale.

Sasa tuje kwenye subira yenyewe. Imam Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kisa cha mtu aliyekuja kwa Mtume s.a.w. kumshitaki jirani yake. Mtume alimwambia aende akasubiri. Akarudi mara ya pili au ya tatu na mashitaka yale yale. Hapo hakuambiwa tena asubiri. Aliambiwa aende akatoe vyombo vyake avitupe njiani. Akavitoa. Watu wakawa wapita na kumwuliza ana nini, naye akiwaeleza habari ya jirani yake, nao wakimlaani yule jirani. Hata jirani mwenyewe akaja mbio kumwambia arudishe vyombo vyake ndani, hataona tena kwake jambo la kumchukiza.

Tazama mpango ulivyo, ndugu msomaji. Subira ilikuja mwanzo, na ilikuwa na mpaka. Mpaka ulipofika, mtu hakuambiwa aendelee kulia chini kwa chini. Aliambiwa alitoe jambo nje, vyombo na vyote, watu walione. Kweli, mtu yule hakuhitaji kuhama, kwa sababu jirani yake alikuwa bado ana haya ya watu. Je, huyu wako wa chumba cha nne anayo haya hiyo? Ukitoa godoro lako njiani leo, pengine atakusaidia kulibeba ili chumba kipate mpangaji mwingine wa namna yake.

Na tena imepokewa na Imam An-Nasai kuwa Mtume s.a.w. aliwafundisha watu kuomba hifadhi kwa Mungu na jirani mbaya katika makazi ya kudumu, akaeleza kwamba jirani wa jangwani huhama. Mbedui akikunja hema lake shari yake huondoka naye. Wa mjini ndiye balaa, kwa kuwa anakaa. Basi jambo ambalo Mtume mwenyewe ametufundisha kulikimbilia Mungu, sisi twaliitaje jambo dogo la kuvumiliwa? Na ikiwa yeye hahami, ni nani mwingine wa kuhama ila wewe?

Nitakupa mfano mmoja, nao si wa kubuni, ila majina hayatatajwa. Alinijia bwana mmoja baada ya darasa la alasiri, mtu mzima, fundi wa useremala. Alikuwa amepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, yeye na mkewe na binti zake wawili, mkubwa ana miaka kumi na mitatu. Chumba cha jirani wake waliingia vijana wawili. Mwanzo walikuwa watu wa salamu. Kisha wakaanza kukesha ukumbini kwa muguka na kelele. Kisha wakaja wageni wa usiku. Kisha ikafahamika kuwa hapo ndipo mateja wa mtaa wachukuapo unga wao. Na mlango wa bafu hauna komeo. Ulikatika siku nyingi, wakawa waufunga kwa kipande cha kanga. Yule binti akaacha kuoga jioni. Akawa aamka kabla ya adhana ya alfajiri, mamake akasimama mlangoni na taa mpaka amalize. Miaka miwili mama yule amesimama mlangoni mwa bafu.

Nikamwuliza, "Umemwambia mwenye nyumba?" Akasema amemwambia mara nne, na jawabu ni moja: "Kila chumba na mwenyewe, hao nao hulipa." Nikamwuliza, "Wewe ni seremala, komeo hukulitia mwenyewe?" Akasema alilitia, likang'olewa usiku. Nikamwuliza kwa nini basi bado yuko pale. Akasema wazee wa msikiti wamemwambia asubiri, na kwamba akihama ataonekana ameshindwa na wahuni.

Wallahi nilikasirika, wala si kwa wahuni. Mhuni anajulikana ni mhuni. Niliwakasirikia walioketi na tasbihi mkononi wakamwambia mtu auweke rehani utu wa binti yake ili yeye aitwe mvumilivu. Hiyo subira ni ya nani? Baba hushinda karakanani. Anayesubiri ni mtoto, na mtoto hakuulizwa. Mtu anaweza kusamehe haki yake mwenyewe, hiyo ni fadhila. Hawezi kusamehe haki ya mwingine kisha akajihesabia thawabu. Subira ni kwa jambo ambalo huna mlango wa kulitoka, kama maradhi na msiba. Wewe una mlango, na chumba kingine kiko mtaa wa tatu kwa tofauti ya shilingi mia tano.

Katika Sura hiyo hiyo ya An-Nisaa, aya ya 97, wametajwa watu watakaotoa udhuru kwamba walikuwa wanyonge katika nchi, nao watajibiwa kwa kuulizwa kama ardhi ya Mungu haikuwa pana hata wakahamia. Aya hii ina watu wake na sababu yake, nayo ni Hijra, na haifai kumshukia nayo kila maskini aliyekwama katika nyumba mbaya. Aya inayofuata yenyewe imewatoa wasioweza hila. Lakini yatosha kutuonyesha kuwa unyonge wa mwenye uwezo wa kuondoka si udhuru unaokubaliwa kila mara. Na Sahaba walipohamia Habasha mwaka 615, hakuna aliyesema wameshindwa na Maquraishi.

Neno langu la pili ni kwako wewe mwenye nyumba, na wengi wenu ni watu wa safu ya mbele. Wewe huonekana mtaani tarehe ya kodi, na mwezi mzima haukai kuuliza choo kimejaa au hakikujaa. Umempa chumba kila aliyekuja na pesa za mwezi na dipoziti, hukuuliza ametoka wapi wala afanya kazi gani. Ukishitakiwa wasema wewe wapangisha vyumba, hupangishi tabia. Jawabu yetu ni kwamba umepangisha vyote viwili, kwani unajua vizuri kuwa mlango wa mbele ni mmoja. Na dawa za kulevya zikiuzwa katika chumba chako nawe una habari, kodi ya chumba kile jiulize ni pesa ya namna gani kabla hujaitia katika akiba ya kwenda Makka.

Imam An-Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, na ambaye Minhaj yake ndiyo tunayoisomesha pwani hii, ameeleza kuwa ukarabati wa nyumba iliyokodishwa ni juu ya mwenyewe. Akiharakisha kuitengeneza, vyema. Asipofanya, mpangaji ana hiyari ya kuuvunja mkataba. Ameeleza hata theluji ya juu ya paa kuwa ni mwenye nyumba wa kuiondoa, na takataka za uwani ni mpangaji wa kuzifagia. Yeye alikuwa mtu wa Sham, huko theluji huanguka. Sisi tuna mvua ya masika na bati lililotoboka, na hukumu ni ile ile. Basi komeo la bafu, choo, bati na bomba la maji ni deni lako, si hisani yako.

Hapa wako watakaosema: "Lakini Sheikh, huyo huyo Nawawi amesema ijara haivunjiki kwa udhuru." Ni kweli, na nafurahi mmesoma. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mkataba wa kukodi ni wenye kufunga pande zote mbili, wala mpangaji hawezi kuuvunja kwa sababu ya jambo lake mwenyewe, kwamba amepata safari au amebadilisha nia. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wamelegeza zaidi katika udhuru. Walakini udhuru wa mtu ni jambo moja na aibu ya nyumba ni jambo jingine. Na aibu ya nyumba ndiyo yenye kumpa mpangaji hiyari. Kisha tazama mambo yalivyo huku kwetu. Wengi wa Mombasa hulipa mwezi kwa mwezi. Mwezi ukiisha, na ukiwa umetoa notisi yako, umevunja nini? Na Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 yaafikiana na jambo hilo, kwamba upangaji wa muda kwa muda humalizwa kwa notisi isiyopungua muda mmoja wa malipo. Anayelipa kwa mwezi atoe notisi ya mwezi.

Taabu iko zaidi kwa ndugu zetu wa Tanzania, ambako mwenye nyumba huchukua kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Huyu akihama mwezi wa pili pesa zake zabaki kule. Kwake twasema: adai matengenezo kwanza, mbele ya mashahidi, yasipofanywa, aombe mkataba uvunjwe na arudishiwe kilichobaki, au kwa ridhaa ya mwenye nyumba amweke mtu mwingine mahali pake. Na wewe mwenye nyumba, ujue kuwa kumkubalia mwenzako kuuvunja mkataba uliomkalia vibaya ni jambo ambalo Mtume s.a.w. ameliahidia msamaha wa Mungu. Husikii likitajwa katika hotuba, kwa sababu wanaotoa hotuba hukaa katika nyumba zenu.

Tena wako wenye nyumba ambao wao wenyewe ndio hila. Hutaka mpangaji atoke wapandishe kodi, wakamkatia maji, wakaing'oa taa ya ukumbini, wakamtia mpangaji mkorofi chumba cha pili makusudi. Wajue kuwa Kenya, tangu sheria ya kodi ya mwaka 1959, kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumtoa au kumlazimisha alipe zaidi ni kosa, kwa zile nyumba za kukaa ambazo sheria hiyo yazihusu, nazo ni zenye kodi ya kawaida isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Na liko baraza lake la kusikiliza mashitaka. Mpangaji asiogope kwenda. Lakini aende na karatasi. Mwenyezi Mungu katika aya ndefu ya Sura ya Al-Baqara ametuamrisha kuandika madeni, na sisi twalipa kodi mkononi chini ya mwembe, bila risiti, kisha twashangaa tukiambiwa hatukulipa miezi mitatu.

Jambo jingine, na najua baadhi yenu hamtalipenda. Mtu akitafuta chumba siku hizi huuliza swali moja: "Humo mna Waislamu?" Akiambiwa wamo, huingia. Wale vijana wa mfano wangu majina yao yalikuwa ya Kiislamu, na Ijumaa walivaa kanzu. Na mwanamke aliyemhifadhi yule binti nyumba ya pili, akimwacha aoge kwake mamake akiwa kazini, ni Mkristo kutoka bara, muuza mboga. Uliza watu hulala saa ngapi, nani huingia usiku, mlango wa bafu wafungika, zamu ya kufagia ni ya nani, pesa za umeme hukusanywa vipi. Ukishajua hayo, na ukapata pia wenzako wa kuswali nao, mshukuru Mungu.

Na wewe mzazi uliyempeleka mwanao Nairobi au Eldoret kusoma, ukampangia nyumba na wenzake watatu, wajua ada ni kiasi gani na hujui ni nani alalaye kitanda cha pili. Siku akikupigia simu, "Baba, nataka kuhama hapa," hulimaliza jambo kwa maneno mawili: vumilia mpaka muhula uishe. Kwa nini? Kwa sababu ya dipoziti. Mtoto aona haya kukuambia yote. Amekuambia nusu, nawe umekata simu. Mwulize. Panda basi uende. Kama ni uvivu wa kufagia na kelele za muziki, mwambie azungumze na wenzake kwa adabu, mara ya kwanza na ya pili. Kama ni pombe, au wizi, au wanawake kuletwa ndani, dipoziti ipotee na mtoto arudi.

Hatusemi kila udhia ni wa kuhamia. Kuna watu wa kinyume, ambao kila miezi mitatu wako juu ya mkokoteni na kabati lao. Nyumba hii wamegombana kwa sababu ya kamba ya nguo, ile kwa sababu ya harufu ya samaki. Mtu akishindwa na nyumba sita mfululizo, akague chombo anachohama nacho, huenda shari imo ndani ya kabati. Na wabaya zaidi ni wanaohama usiku. Humwacha mwenye nyumba na kodi ya miezi miwili, na wenzao na deni la umeme. Si kila mwenye nyumba ni tajiri. Yuko mjane anayekula kwa vyumba vinne alivyoachiwa, na aliyemkimbia na kodi yake amekula chakula cha mayatima, hata kama choo kilikuwa kibovu.

Basi ukiazimia kuhama, hama mchana. Toa notisi kwa maandishi, ubaki na nakala. Lipa ulilo nalo, au andikiana na mwenye nyumba utalipa lini. Mgawane umeme na maji mpaka siku ya mwisho. Fagia chumba, rudisha ufunguo mbele ya shahidi mmoja, na udai dipoziti yako bila haya, kwani hiyo ni amana na si zawadi. Wapangaji wenzako waage, hata waliokuudhi.

Limebaki swali ambalo yule seremala aliniuliza alipokwisha pata chumba kingine. Watu wanakuja kukitazama kile alichokitoka, nao humwuliza hali ya nyumba. Dalali amemwomba asiseme kitu, na yeye aogopa kusengenya. Nilimjibu kuwa Imam An-Nawawi katika Riyadhu Swalihin ametaja mahali ambapo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, na mojawapo ni pale unapotakwa shauri juu ya mtu wa kuoana naye, au kushirikiana naye, au kujirani naye. Asizidishe chumvi, wala asihadithie barazani kwa asiyeuliza. Lakini aliyekuja na mkewe na watoto kutazama chumba, mwambie mlango wa bafu hauna komeo, chumba cha nne chaingia wageni usiku, na mwenye nyumba haji ila siku ya kodi. Baada ya hapo akipenda kupanga, na apange.